Sauti Kubwa Inatoka Kilioni

Mu nganda, mu taksi, hata mu chumba cha walimu wakati wa mapumziko, kuko ugomvi mmoja ambao tangu miaka ya 1960 haujapata mwamuzi: nani alikuwa na sauti kubwa, Rochereau ao Franco? Wababa wakishaanza mambo hayo, chai inapoa mu vikombe. Huyu anasema Rochereau, kwani sauti yake ilikuwa laini sawa mafuta ya ngazi. Yule anasema Franco, kwani Franco alikuwa anasema ukweli bila kuzunguka. Kijana akiwa pale atawatajia Fally Ipupa ao Ferre Gola, na wazee watamwangalia kwa huruma. Kisha kengele inalia, na kila mmoja anarudia mu darasa lake na mawazo yake yaleyale.

Sisi hatuandiki makala hii juu ya kukata ugomvi huo. Tunaona kwamba ulizo lenyewe limewekwa vibaya. Watu wanapima sauti kama vile wanapima sukari: hii tamu zaidi, hii tamu kidogo. Ao wanaipima kwa nguvu, sawa vile tunaonaka mu makanisa mengi ya siku hizi, ambako mwenye kupiga kelele mpaka mikro inakwaruza ndiye anayehesabiwa kuwa na kipaji. Lakini tukifuata historia ya waimbaji wetu mmoja mmoja, kutoka gitare ya Katanga mpaka rumba ya Kinshasa, kutoka Misa ya Kilatini mpaka mutuashi, tunakuta njia nyingi zinarudia ku pahali pamoja: ku kilio. Sauti zilizobakia mu masikio ya watu ni zile zilizojifunza kwanza kumlia mtu mwengine na kumtaja kwa jina lake. Utamu unakuja nyuma, na wakati mwengine hauji kabisa.

Tuanze na kasala, kwani pale tunaona jambo lenyewe likiwa uchi.

Kasala, Baluba wanaijua vizuri. Kwa mwenye kuwa hajaisikia, tuseme ni wimbo wa majina. Mtu akikufa, mama mmoja anayejua kazi hiyo anakaa karibu na maiti na anaanza kuita: jina la marehemu, jina la baba yake, jina la nkambo yake, majina ya sifa ya jamaa, mito waliyovuka, vilima walivyoacha nyuma, vita walivyopigana. Haiimbwi ku kilio peke yake. Inaimbwa pia ku furaha, ku kusimika mkubwa, na zamani iliimbwa juu ya kuwapa watu moyo wa vita. Mwana-chuo Clémentine Faïk-Nzuji, ambaye kitabu chake juu ya kasala kilitoka hapa Lubumbashi mwaka wa 1974, aliihesabu kuwa wimbo wa mashujaa. Ni kweli, lakini watu wengi wameisikia kwanza mu kilio, wakiwa watoto, wamejificha nyuma ya kitambaa cha mama.

Tusikilize vizuri sauti ya mama huyo. Haiko sauti tamu. Mara nyingi imekauka, kwani ameimba usiku muzima. Inaanza juu, inashuka kidogo kidogo sawa mtu anayeshuka kilima na mzigo ku kichwa, na ku mwisho wa pumzi inabakia karibu na maneno ya kusema. Pumzi inakatika, anavuta ingine, anapanda tena. Hakuna anayesema «mama huyu anaimba vizuri». Watu wanalia, na kila mmoja akisikia jina la nkambo yake mwenyewe anashituka, kama vile amegongwa ku bega. Na mwimbaji akikosea jina, kuko mzee wa kumkamata palepale, mbele ya wote. Kwa hiyo sauti hiyo inalazimishwa mambo mawili: maneno yasikike wazi, na mwenye kuimba awajue watu anaowataja. Kama hivyo viwili vinakosa, nguvu ya kifua haina faida.

Sasa tumwangalie Papa Wemba. Alizaliwa Lubefu, mu Sankuru, mwaka wa 1949. Vijana wanamjua juu ya mavazi, juu ya viatu na kofia, juu ya mambo ya Sapeurs. Wengi hawajui kwamba mama yake alikuwa mlizi, yaani mama aliyekuwa anaitwa ku matanga juu ya kuimba na kulia wafu wa watu. Yeye mwenyewe alikuwa anaeleza ginsi alimfuata mama yake ku vilio hivyo akiwa mtoto, na ginsi sauti za pale ziliingia mu masikio yake. Kisha akapita mu korali ya kanisa, na mwaka wa 1969 akawa mmoja wa wale walioanzisha Zaïko Langa Langa, na mwaka wa 1977 akaanzisha Viva La Musica yake mwenyewe. Muziki wa Zaïko ulikuwa muziki wa vijana wa mji: ngoma ya kukimbia, gitare za kupiga haraka, hakuna trompeti. Lakini juu ya kelele hiyo yote kulikuwa ile sauti nyembamba, ya juu, yenye kutetemeka kidogo ku mwisho wa neno, sawa mtu anayezuia machozi. Watu walicheza, walitoka jasho, na bila kujua walikuwa wanasikiliza mlizi wa Sankuru. Mtu akituuliza kwa nini sauti ya Wemba haikuchoka kwa miaka zaidi ya 40, tutamjibu: ilikuwa na kazi kabla ya kuwa na jukwaa. Alianguka akiimba, mu Abidjan, tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka wa 2016, na akakufa.

Ingine njia inapita Kamina, na sisi walimu tunaipenda zaidi kwani mwenye kuimba alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1954 padri mmoja Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikusanya watoto wa shule na walimu wao kule Kamina, akawapa jina la Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka wa 1958 waliimba mara ya kwanza, mu misioni ya Kamina, ile Misa ambayo dunia inaijua kwa jina la Missa Luba. Maneno ni Kilatini, sawa vile Roma ilivyotaka wakati ule. Lakini melodia haikutoka Roma. Walikuwa hawasomi noti: mwenye kuongoza anatupa mstari, wengine wanajibu, sawa mu kijiji. Na Kyrie, wimbo wa kumwomba Bwana huruma, waliuimba kwa mtindo wa kasala. Sanctus walitoa mu wimbo wa kuagana. Mwaka uleule wakaenda Ulaya, wakaimba mu Brussels wakati wa maonyesho makubwa ya 1958, na diski ikatoka kwa Philips. Miaka 10 nyuma, mu 1968, Mwingereza Lindsay Anderson akatia Sanctus hiyo mu filamu yake If...., na vijana wa Uingereza wakaenda kununua diski.

Sauti ya kiume ya juu inayoongoza mu diski hiyo ni ya Joachim Ngoi, mwalimu wa shule ya Kamina. Watu wengi wanaotaja Missa Luba wanalijua jina la padri. Jina la Ngoi, lazima uwaambie. Hatusemi padri hakufanya kazi. Bila yeye kusingekuwa diski. Lakini weka diski hiyo na usikilize Kyrie: Ngoi hapambi kitu. Anaita, anangoja, korali inaitika, anaita tena juu kidogo. Mzungu aliyekaa mu kiti chake kule Amsterdam ao London hakujua kwamba anasikia kilio cha Baluba, na hata vile alisimamisha kijiko mu kikombe. Hapa kuko jibu kwa wale wanaosema kwamba sauti inahitaji lugha yake ifahamike. Hata sisi watu wa Katanga, wangapi kati yetu wanaimba Lingala tangu utoto bila kufahamu maneno yote? Mu mwezi wa 9 wa 1974, mu Kinshasa, Celia Cruz wa Kuba aliimba Kispanyola mbele ya watu wengi sana ku stadi, na hakuna aliyemwomba mkalimani. Unachosikia kwanza ni kwamba mtu huyu anamwita mtu. Anaita nani, utaulizia kesho.

Kuna wasomaji watakaotuambia: mbona mnapita haraka mbele ya mlango wenu? Mwenda Jean Bosco iko wapi? Hatukumsahau. Mwenda wa Bayeke, mtoto wa Bunkeya, alizaliwa mwaka wa 1930. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine yake ya kukamata nyimbo, alimkuta Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, na diski zake zikatoka kwa Gallotone ya Afrika ya Kusini, zikafika mpaka Nairobi. Mu 1969 aliitwa Marekani, ku festivali ya Newport. Wazungu waliandika kurasa nyingi juu ya vidole vyake, vile vidole viwili vinavyofanya kazi ya watu watatu. Juu ya sauti yake waliandika kidogo sana. Sisi tunaona walisikiliza nusu.

Sauti ya Mwenda ni ndogo. Haipandi, haitetemeki, haiombi makofi. Inakaa karibu na gitare sawa mzee aliyekaa karibu na moto, na inasema mambo ya nyumba: ndoa, deni, safari, jirani mbaya, mtoto asiyesikia. Kiswahili chake ni kile cha Katanga, cha kambi za migodi na cha njia ya reli, na kila neno linafika zima. Ni sauti ya mtu anayejua kwamba anayesikiliza iko karibu, hatua mbili, kiti kwa kiti. Edouard Masengo, ndugu yake, alikuwa na sauti ya wazi zaidi, ya kuchekesha, na Nairobi ilimpenda sana miaka ile. Lakini tukiwa peke yetu usiku, ni Mwenda tunayemtafuta. Mikro ya wakati ule ilimsaidia: zamani mwenye sauti ndogo alikuwa mwimbaji wa nyumba yake tu, lakini mikro ilifanya sauti ya kunongona ifike mu inchi ingine bila kuwa kelele. Wengi walipewa mikro ile na wakazidisha kupiga kelele. Mwenda alifahamu kwamba imeletwa juu ya kumruhusu anyamaze kidogo.

Ku upande wa mto, Wendo Kolosoy alifanya kinyume. Alikuwa makanika wa mashua za mto Congo, na sauti yake ilikuwa sauti ya kuita mtu ngambo ingine, yenye kuruka gafula kutoka kifua mpaka kichwa. Mwaka wa 1948 aliimba Marie-Louise kwa nyumba ya diski ya Ngoma, na Henri Bowane ku gitare. Watu wa Léopoldville walisema kwamba ukiupiga wimbo huo ku saa sita ya usiku, wafu wanafufuka. Mapadri walikasirika. Sisi hatucheki maneno hayo. Watu hawakusema sauti ya Wendo ni tamu, hawakusema ni yenye nguvu. Walipotafuta namna ya kuisifu, walisema wafu wanaisikia. Walikuwa bado wanapima sauti kwa kipimo cha kilio.

Sasa turudie ku ule ugomvi wa chai. Nyuma ya Rochereau kuko Joseph Kabasele, Grand Kallé, ambaye African Jazz yake ilianza mwaka wa 1953. Mu mwanzo wa 1960, wakati wakubwa wa inchi walikaa Brussels ku Meza ya Duara, Kabasele na wenzake walikuwa pale, na pale wakaimba Indépendance Cha Cha. Tunaicheza kila mwaka bila kufikiri. Lakini fikiri kidogo ginsi ilivyotengenezwa: ni wimbo wa majina. Vyama vinaitwa kwa majina, viongozi wanaitwa kwa majina, Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Tshombe, Kalonji, mmoja kisha mwengine, juu ya cha-cha-cha ya Kuba, na sauti ile ya Kabasele, laini, ya mtoto wa korali, inawapitia wote bila kupandisha mmoja na kushusha mwengine. Tarehe 11 mwezi wa 7 wa mwaka ule Tshombe alitangaza Katanga kujitenga. Mu mwezi wa 8 Kalonji akafanya vile mu Kasai ya Kusini. Tarehe 17 mwezi wa 1 wa 1961 Lumumba aliuawa hapa Katanga, mbali kidogo tu na mji wetu. Mu inchi hawakukaa tena meza moja. Mu wimbo bado wamekaa. Sisi wa Lubumbashi tunasikia wimbo ule na sikio lingine kuliko watu wa Kinshasa, na tunaamini kwamba sauti ngumu, sauti ya mkutano wa siasa, isingeweza kuwaweka pamoja namna ile.

Rochereau, yaani Tabu Ley, aliingia African Jazz mwaka wa 1959, akatoka na Docteur Nico mwaka wa 1963 juu ya kufanya African Fiesta, na mu mwezi wa 12 wa 1970 akasimama ku Olympia ya Paris. Wanaomsifu wanasifu asali. Sisi tunawaomba wasikilize Mokolo Nakokufa, wa miaka ya katikati ya 1960. Pale mwimbaji anawaza siku ya kufa, na hawazi kufa kwake peke yake: anaingia mu nafsi ya maskini, ya tajiri, ya mlevi, ya mwanamke wa mitaani, na kwa kila mmoja anauliza siku yake itakuwa namna gani. Sauti haibadiliki sana. Haifanyi mchezo wa kuiga mlevi. Inabakia ileile, safi, yenye huruma sawasawa kwa wote, na hapo njo tunaona kazi ya usafi ule: ni sawa maji yanayoosha maiti, hayachagui. Huyo Rochereau ni mlizi wa watu wasiokuwa na wa kuwalia.

Na Franco je? Tusidanganyane: mu korali ya paroisi yetu wangemweka nyuma. Sauti yake ni nzito, ya kusema, ya mtoto wa soko. Mama yake aliuza mikate na yeye alipiga gitare pale juu ya kuvuta wanunuzi. Mu Mario, ya 1985, anaongea zaidi kuliko kuimba, na inchi nzima ilikaa kimya sawa wanafunzi mbele ya mwalimu mkali. Lakini kaka huyu mwenye maneno ya kuchoma alimpoteza ndugu yake, Bavon Marie-Marie, aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka wa 1970. Franco akamwimbia Kinsiona. Aliimba Kikongo, lugha ya mama, akaacha Lingala ya biashara pembeni. Gitare imepungua, maskara imetoka. Tukiombwa kuchagua wimbo mmoja wa Franco, tunachagua huo, na mwenye kuupenda Mario atatusamehe.

Mu orkestra yake kulikuwa mtu aliyefahamu jambo hili kuliko wote: Lutumba Simaro. Simaro aliandika, lakini mara nyingi hakuimba yeye. Alitafuta sauti ya kubeba neno, sawa vile jamaa inatafuta mlizi anayefaa. Mabele, wimbo wa udongo tunaotoka na tunaorudia, alimpa Sam Mangwana mu 1974. Maya alimpa Carlyto miaka 10 nyuma. Kila mara alijua kifua gani kitavumilia maneno gani.

Wamama walifika ku mikro ya muji kwa shida. Kulia, walikuwa wanaruhusiwa tangu zamani. Kuimba ku jukwaa na kulipwa, watu waliwaita majina mabaya. Hii ni ajabu: kazi ya sauti walikuwa nayo wao, kisha wanaume wakaipeleka ku nganda na kuwafungia mlango. Abeti Masikini wa Kisangani aliufungua kwa bega: Olympia mu 1973, Carnegie Hall ya New York mu 1974, na Kiswahili kati ya lugha za nyimbo zake. M'Pongo Love, aliyeachiwa mguu dhaifu na polio, alisimama karibu bila kucheza na akashika watu kwa sauti peke yake. Alikufa mu 1990, bado kijana. Mbilia Bel tunampita haraka, si kwa zarau, lakini kwani kila mtu amekwisha kumsifu.

Tshala Muana anastahili kituo. Alizaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka wa 1958, akaanza kama mchezaji nyuma ya M'Pongo Love, akakufa Kinshasa mu mwezi wa 12 wa 2022. Juu ya mutuashi watu waliangalia kiuno na wakasahau masikio. Lakini funga macho na usikilize: ni sauti ya koo, yenye kukwaruza kidogo, inayoita mu Ciluba sawa mama anayeita ngambo ya uwanja, na wale wanaoitika nyuma wanaitika ginsi wanaitika ku kasala. Mtu mmoja ambaye hajui Ciluba na ambaye amekwisha kukaa ku kilio cha watu wa Kasai atamfahamu palepale.

Na tusimsahau mtoto wa Kindu, Remmy Ongala, aliyezaliwa mwaka wa 1947, akavuka ziwa, na tangu 1978 akafanya Dar es Salaam kuwa mji wake, mpaka alipokufa pale mu 2010. Sauti ya Remmy ilikuwa chafu kwa maana nzuri: sauti ya vumbi, ya mtu aliyelala njaa. Mu wimbo wake Kifo alisimama mbele ya kifo na kuongea naye uso kwa uso, mu Kiswahili ambacho mtoto wa shule ya msingi anafahamu. Mambo kwa Soksi, juu ya Sida, redio ya serikali ya kule haikutaka kuipiga. Watanzania walimwita Dokta. Nafikiri wagonjwa wake walikuwa wale wasioweza kulipa.

Tumefika sasa ku jambo ambalo linatuuma: mabanga. Tangu miaka ya 1990 mpaka leo, diski nyingi zimejaa majina ya matajiri wanaolipa dola juu ya kutajwa: mfanya biashara wa Luanda, mkubwa wa jeshi, mwenye kuuza madini wa hapa kwetu. Wenye kutetea wanatuambia: «Si nyinyi wenyewe munasema kwamba wimbo wetu ni wimbo wa majina? Libanga njo kasala ya leo.» Ni jibu la akili, na halijibiwi kwa kusema neno pesa tu. Mlizi wa kasala naye anapewa kitu: kuku, kitenge, pesa kidogo mu mkono. Hapo hakuna tofauti.

Tofauti iko ku jina lenyewe. Mu kasala jina haliji peke yake. Linakuja na baba yake, na mto wake, na aibu ya jamaa pamoja na sifa, na mbele yake wamekaa watu wanaoweza kusema «uongo». Mu libanga jina linakuja uchi, na kisha yake linakuja lingine, sawa liste ya wenye kulipa minerval. Hakuna wa kusahihisha, kwani hakuna anayemjua. Na masikio yanaonyesha: chukua mwimbaji mkubwa yeyote wa leo, mwenye sauti ya kweli, na sikiliza inapofika saa ya kutupa libanga. Anaacha kuimba. Sauti inatoka mu kifua na kuingia mu pua, inakuwa haraka, inakuwa kelele ya muuzaji wa soko. Koo yenyewe inajua kwamba hapa hakuna mtu wa kulia.

Wanafunzi wetu wanatucheka tukisema hivi. Wanasema wakati umebadilika, na wako na haki nusu. Lakini ulizo letu ni la kazi: Wemba alijifunza kwa kufuata mama yake ku kilio, Ngoi alijua kasala kabla ya kujua Kyrie, mtoto wa leo atajifunza wapi? Ku kilio cha mji wetu siku hizi wanapanga viti vya plastiki, wanasimamisha hema, na pembeni wanaweka sono mbili kubwa zinazopiga nyimbo za dini kutoka jioni mpaka asubuhi. Wamama wazee wanaojua majina wamekaa ku mkeka ndani ya nyumba, hakuna anayewasikia, hata maiti. Vijana wa sono hawana ubaya. Wamelipwa, wanafanya kazi. Ila umeme unakatika mara nyingi, na jenereta inaweza kukosa mafuta katikati ya usiku. Sono inazimika, watu wanaanza kutafutana mu giza, mtu anaulizia wapi kuna petroli. Na kabla petroli haijafika, kutoka ndani ya nyumba, sauti moja iliyokauka inaanza juu, inashuka, na inataja jina la kwanza.